Kupanda mlima bila kufukuzwa: siku moja kwa treni, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro



Juma lililopita nilipitisha hewani dakika chache za sauti nilizorekodi katika milima ya Uluguru, mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania. Mlisikia maji, ndege, na mama mmoja anayecheka. Jioni ile ile ujumbe ukaanza kuingia. Wengi walifurahi. Lakini baba mmoja, ambaye familia yake imehamia Baraka kutoka vijiji vya juu, alituma sauti yake akiwa na hasira kidogo: “Bwana mwandishi, sisi tulitembea siku nne na watoto mgongoni. Wewe unalipa pesa ili utembee?”

Swali hilo linataka jibu refu kuliko nafasi iliyopo kati ya habari na matangazo ya misiba. Ndiyo maana naandika.

Dar es Salaam tulikwenda kwa sababu ya ugonjwa. Mama mukubwa, dada ya mama yangu ambaye ndiye alinilea, ana presha na sukari. Familia ilichanga, tukavuka ziwa mpaka Kigoma, tukapanda basi. Alikuja pia na mjukuu wake wa miaka 11, kwa maana tangu wakimbie kijiji mara ya mwisho hakubali kulala mbali na mtoto huyo hata usiku mmoja.

Daktari alimpima, akaandika dawa, kisha akamwambia: “Mama, nusu ya dawa ni miguu yako. Kila siku utembee nusu saa, pole pole.” Mama mukubwa akamjibu: “Docteur, mimi kutembea nilimalizaka mwaka wa 96.” Daktari akacheka. Alidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Mwaka 1996, vita ilipofika kwetu, tulishuka kwa miguu kutoka milimani hadi ziwani, tukaingia mtumbwini usiku, tukafika Kigoma. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nililelewa katika kambi ya Lugufu, na wengi wenu pia. Kuanzia mwaka 2005 tulianza kurudishwa kwa meli mpaka Baraka, na kambi ile ikafungwa mwaka 2009. Mama mukubwa alirudi kijijini, akalima, akajenga. Miaka ya karibuni akakimbia tena, njia ile ile, mabonde yale yale, safari hii akiwa na magonjwa na mjukuu. Tangu siku hiyo hatembei. Kanisani anakwenda kwa moto. Sokoni anatuma mtu. Akiona njia inayopanda anageuza uso.

Basi, tulipewa siku tisa za kungoja majibu ya vipimo. Tulikaa kwa ndugu mmoja, Mkongomani mwenzetu, upande wa Gongo la Mboto. Joto kali, kelele za magari mpaka usiku, nyumba zimebanana. Mama mukubwa alikaa kwenye kigoda mlangoni kuanzia asubuhi. Siku ya tatu mwenyeji wetu akasema: “Mpelekeni Morogoro. Kuna treni mpya. Mnakwenda asubuhi, mnarudi jioni. Kule kuna milima na hewa kama ya kwenu.”

Nilisita kwa sababu ya neno “milima”. Mama mukubwa alikubali kwa sababu ya neno “treni”. Hajawahi kuipanda.

Nitaeleza safari yenyewe, kwa maana wapo wasikilizaji wetu wanaokwenda Dar kila mwezi kwa biashara na kwa hospitali, na wanakaa siku nyingi wakingoja mzigo au majibu.

Treni hiyo inaendeshwa kwa umeme, na Watanzania wanaiita SGR. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa sita mwaka 2024, na mwezi uliofuata ikaendelea hadi Dodoma. Ukitoka Dar unapita Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Inaweza kufika mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Basi linatumia saa nne, na zaidi foleni ikiwa mbaya, lakini treni haifiki saa mbili. Nauli ya kawaida iliyotangazwa ilikuwa shilingi 13,000 kwenda peke yake, karibu dola 5. Ukinunua tiketi unaulizwa kitambulisho. Sisi tulitoa pasipoti. Saa za treni hubadilika, kwa hiyo uliza mapema, na ununue ya kurudi hapo hapo, hasa siku za mwisho wa juma.

Pale stesheni mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Mama mukubwa alipomwona askari amesimama pembeni ya mashine alinishika mkono na kuanza kufungua kitambaa anachofungia pesa. Huko kwetu mnajua: kila kizuizi kina bei yake, na mwenye mzigo analipa zaidi. Yule askari alisema tu: “Karibu mama, weka mkoba hapa.” Tukapita. Alikaa na kile kitambaa mkononi mpaka treni ikaondoka, akingoja mtu aje kudai.

Njiani mtoto hakutoka dirishani. Mji uliisha, vikaja vilima vya Pugu, kisha nyasi, kisha mto Ruvu. Nilimwambia kwamba maji ya mto huu yanatoka katika milima ile tunayoiendea, na kwamba ndiyo watu wa Dar es Salaam wanakunywa. Akauliza kama watu wa Dar wanawalipa watu wa milimani. Sikuwa na jibu, na nadhani hilo ni swali la kumpeleka mbele ya mkubwa fulani wa serikali, huko na huku kwetu.

Treni mpya inafuata kwa sehemu kubwa njia ya reli ya zamani, ile iliyojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata, 1915, ng'ambo ya ziwa, reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo ikafika Kalemie. Kwa hiyo sisi na wao tuko kwenye barabara moja, ziwa tu limeikata katikati. Wazee wa Kalemie mnaonisoma mnajua vizuri kuliko mimi treni yetu ilikuwa nini na imebaki nini.

Karibu na Morogoro yanaanza mashamba ya mkonge, na mara milima inasimama upande wa kushoto, mirefu, na wingu limekaa juu yake. Hapo ndipo Mama mukubwa aliponyamaza. Hakusema neno mpaka tunashuka.

Stesheni iko mbali kidogo na mji. Tulichukua bajaji mpaka chini ya mlima, pale lami inapoishia. Tulipatana na kijana mmoja wa pale atuongoze. Njia inayojulikana zaidi inapanda hadi mahali panapoitwa Morningside, kwenye nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, kiasi cha mita 1,300 juu ya bahari. Mji wenyewe uko kama mita 500, kwa hiyo ni kupanda kwelikweli. Mtu mwenye nguvu anatumia saa mbili hadi tatu. Juu ya hapo kunaanza msitu wa hifadhi, uliopewa ulinzi huo mwaka 2008. Ukitaka kuingia ndani ya hifadhi kuna ada, na mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji. Sisi hatukuwa na mpango wa kufika huko.

Hatua kumi za kwanza Mama mukubwa alisimama. Akaangalia juu, akaangalia nyuma, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida:

“Mutoto wangu, leo ni nani anatufukuza?”

Nikamwambia: “Hakuna mutu, Mama.”

“Na tunapanda?”

“Tukichoka tunarudi. Treni yetu ni ya jioni.”

Akafikiri kidogo. “Basi tuende pole pole,” akasema. Nilimpa fimbo ambayo kijana alikuwa amekata.

Njia inafuata kijito. Pembeni kuna nyumba za Waluguru na mashamba yaliyobebana kwenye mteremko: ndizi, maharage, kabichi, karoti, hata stroberi. Wanawake walikuwa wakishuka na vikapu kichwani kupeleka soko la mjini. Wanashuka haraka, wamezoea. Mtoto mmoja wa kike alipopishana nasi akainama kidogo: “Shikamoo bibi.” Kwetu Fizi salamu hiyo hatuna, lakini Mama mukubwa alijibu mara moja: “Marahaba.” Aliipata Lugufu. Alishangaa mwenyewe kuona bado iko mdomoni.

Kwa Waluguru ardhi inapita upande wa mama. Ukoo ni wa mama, shamba linafuata ukoo. Nilipomweleza hivyo Mama mukubwa alisimama tena, lakini safari hii ni kwa kufikiri. Alisema: “Kumbe iko nchi ambako wangeniuliza mimi.” Wanaomfahamu wanajua anazungumzia shamba lipi, na mashemeji gani. Sitaongeza.

Baada ya kama dakika arobaini tulifika uani kwa mama mmoja aliyekuwa akipukuchua maharage. Alitukaribisha, akatoa mkeka. Wakaanza kulinganisha maharage: haya ya kwetu ni mekundu, haya yenu yana madoa, haya yanaiva haraka. Mama mukubwa alivua viatu, akatia mikono ndani ya ungo, akasema hatoki hapo. Nikaendelea na mtoto na yule kijana.

Sasa hapo ndipo kuna jambo ambalo nilitaka baba yule wa Baraka alisikie.

Juu zaidi nyumba zinapungua. Miti inakuwa minene na sauti ya mji inakatika kabisa. Unabaki na maji na ndege. Katika milima hii kuna ndege na mimea ambayo haipatikani mahali pengine popote duniani, na watu hutoka nchi za mbali sana kuja kuviangalia. Mimi nilikuwa naangalia mgongo wa mtoto. Alikuwa anatembea katikati ya njia, hakanyagi majani makavu, anageuka kila baada ya hatua chache. Hakuna aliyemfundisha siku ile. Alifundishwa zamani.

Kisha kwenye kona akatokea mwanaume na panga mkononi. Mtoto hakupiga kelele. Alitoka njiani, akaingia nyuma ya mti, akachuchumaa, akafunika mdomo wake kwa mkono. Alifanya hivyo upesi mpaka kijana aliyetuongoza hakuelewa ameenda wapi.

Mwanaume yule alikuwa amebeba mzigo wa majani ya mbuzi. Alitua mzigo, akaweka panga chini, akasema: “Karibuni wageni. Huyo kijana vipi, ameona nyoka?”

Nikamwambia tumetoka Kongo. Hakuuliza zaidi. Alichutama pale alipo, akachagua jani pana, akalikunja, akachota maji ya kijito na kunywa. Akakunja jingine, akaliweka juu ya jiwe, akaondoka na mzigo wake akisema tutamkuta chini. Mtoto alikuja, akachukua lile jani, akachota maji, akanywa. Akaniuliza: “Ile panga ilikuwa ya nini?”

“Ya majani ya mbuzi.”

“Tu?”

“Tu.”

Tukakaa pale karibu saa nzima. Hatukufika Morningside. Mtoto alijenga kizuizi cha mawe kwenye maji, akakibomoa, akakijenga tena. Zile ndizo sauti mlizosikia redioni.

Tuliposhuka tulimkuta Mama mukubwa anacheka na mwenyeji wake. Njia ya kurudi alitembea mbele yetu, akaanza kumwambia mtoto mambo ambayo mimi mwenyewe sijawahi kusikia: kwamba kwetu pia asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, kwamba kutoka kijijini mpaka kisimani kuna njia mbili, moja ya watoto na moja ya wenye mitungi, kwamba kuna jiwe ambalo babu yake alikuwa analikalia akitoka shambani, na mtu yeyote aliyelikalia alitakiwa kusema habari moja. Jina la kijiji silitaji, mnajua kwa nini. Mtoto alikiacha akiwa mdogo. Anachokumbuka cha kwao ni usiku wa kukimbia, basi. Siku ile alipata kitu kingine cha kuweka pembeni yake.

Narudi kwa swali la pesa. Safari ya watu watatu, tiketi, bajaji, kijana wa kutuongoza na chakula, ni pesa ambayo kwa familia iliyo kambini ni chakula cha siku nyingi. Silifichi hilo. Mwenyeji wetu alitulipia sehemu, tukapunguza matumizi mengine. Sisemi kila mtu afanye hivyo, na sisemi matembezi yanaponya vita. Ndugu zetu walioko Nyarugusu hawawezi hata wakiwa na pesa, kwa sababu sheria ya kule inataka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke kambini. Kuwaambia wapande treni waende kutembea milimani ni kuwadhihaki.

Ninachosema ni kwamba kutembea kule na kutembea kwa siku nne si jambo moja, hata kama miguu ni ile ile. Siku nne zile hukuchagua saa ya kuondoka. Hukuweza kusimama kuangalia mto, uliangalia pa kuvukia. Hukuweza kumjibu mtoto aliyekuuliza mnakwenda wapi. Na hukujua kama utarudi. Sisi tulikuwa na tiketi ya jioni mfukoni. Mama mukubwa aliiomba mara mbili aiangalie, na mara zote mbili baada ya kuiona aliendelea kupanda. Nadhani ile karatasi ndiyo iliyompa miguu, kuliko maneno yangu na ya daktari.

Kwa hiyo, kwa wale ambao wanaweza, nawapa mambo machache. Nendeni siku ya kazi, watu ni wachache. Pandeni asubuhi, kwa maana mchana wingu linashuka na mvua ya milimani haiombi ruhusa, na njia inateleza. Chukueni mtu wa pale pale awaongoze, mpatane bei kabla ya kuanza. Maji, viazi au mkate, viatu vyenye meno chini. Mwenye sukari asitembee bila kitu cha kula mkononi. Salimieni kila mtu. Msichume kwenye shamba la mtu hata ndizi moja, ombeni, watawapa. Kama Morogoro ni mbali kwa mfuko wako, Pugu ni kituo cha kwanza tu baada ya Dar, na upande ule kuna msitu juu ya vilima. Ni Pugu hiyo hiyo ambako Mwalimu Nyerere alifundisha shule kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka 1955. Huko pia ulizeni wenyeji njia iliyo salama.

Na kwa nyinyi mlioko huku, ambao hamna treni wala ruhusa ya kutoka, nimeongea na wenzangu wa redio. Kila Jumamosi jioni, baada ya habari, tutatenga dakika tano. Mzee, mama, yeyote anayekumbuka njia ya kwao, atume sauti aieleze kama anamwelekeza mtoto: unatoka wapi, unapita mti gani, kijito gani, unapumzika wapi, unafika kwa nani. Msitaje majina ya watu wala mahali ambapo mtu mbaya anaweza kupatumia. Semeni tu njia. Watoto wenu wanasikiliza redio hii, na wengi wanajua njia ya kutoka bila kujua njia ya kurudi.

Sauti ya kwanza tunayo tayari. Ni ya Mama mukubwa, dakika tatu na nusu. Anatembea nusu saa kila asubuhi, kutoka nyumbani mpaka ufukweni, na aliirekodi akiwa njiani, kwa hiyo mtasikia anahema. Msidhani ni ubovu wa simu.